Gia ya Pili Yamvua Mzee Kofia

Jumapili iliyopita tuliwaacha watu wanne hewani. Naam, hewani, maana makalio yao yalikuwa hayapo tena kwenye viti.

Kwenye kiti cha mbele kushoto alikuwa Chiku, fundi wa kike wa karakana ya Mzee Antipasi pale Singida mjini. Nyuma walikaa Simoni, fundi mwenzake, na Bi Radhia, mke wa mwenye gari. Usukani ulikuwa mikononi mwa mwenye gari mwenyewe, Mzee Abdulrazaki, muuza vitenge, ambaye kabla ya kufungua duka aliendesha malori miaka ishirini.

Gia ya kwanza iliingia. Gia ya pili ikaingia kwa kishindo. Na papo hapo, bila kuambiwa na mtu, gari likasimama ti!

Kofia ya mzee ilitua kwenye kioo cha mbele. Pua ya Simoni ilitua mgongoni mwa kiti. Bi Radhia peke yake ndiye aliyebaki mahali pake, kwa sababu alikuwa ameshikilia mlango tangu karakana.

"Umeniulia gari!" Mzee Abdulrazaki alipata sauti kwanza.

"Giaboksi imekufa," Simoni alisema huku akijipapasa pua. Hakusema kwa huzuni.

Na kwa nini ahuzunike? Sharti la Mzee Antipasi mnalijua. Anastaafu, anarudi kwao Sepuka kulima alizeti, na karakana atamwachia mmoja kati ya mafundi wake wawili. Mtihani ni gari hili, na aliyelitengeneza ni Chiku. Liende kijijini Unyambwa na kurudi kabla ya adhana ya adhuhuri, Mzee Abdulrazaki atamke "nimeridhika", basi karakana ni ya Chiku. Asipotamka, ni ya Simoni, na Chiku atarudi kuosha spea kwa petroli kama alivyoanza.

Chiku alikwisha kufungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kanga ya kiunoni, akakichovya tena, akanusa. Haidroliki, yale mafuta ya giaboksi, ilikuwa nyekundu safi. Haikuwa na harufu ya kuungua.

"Giaboksi ni nzima, baba."

"Nzima? Kitu kizima kinamvua mtu kofia?"

"Ulisema unataka gia iingie uisikie."

"Niisikie, binti! Sikusema inipige!"

Ni kweli alisema. Gari hili la otomatiki lilipofika kutoka Japani, bado lina kibandiko cha maandishi ambayo hakuna mtu Singida nzima aliyeweza kuyasoma, mzee alililalamikia mwezi mzima. Gia zake zinaingia kimyakimya kama wageni waliochelewa karamuni. Hujui iko ya kwanza au ya tatu. Gari gani hilo? Ndipo Chiku akakaza kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda giaboksi ili presha ya haidroliki ipande, akaifungua giaboksi kwa chini, akaziongezea springi zake washa, vile vipete vya chuma, akafunga. Gia zikaacha kusitasita.

"Zikisitasita, sahani za ndani zinasuguana na kuungua," alikuwa amemweleza Simoni. "Zikiingia kwa mkupuo, zinadumu."

"Nani kakwambia?"

"Kitabu."

"Kitabu cha masomo ya jioni," Simoni akacheka. "Mimi nimefundishwa na magari yenyewe."

Sasa Chiku alifunga boneti. "Tujaribu tena, baba."

Walijaribu tena. Gia ya kwanza. Ya pili, kishindo. Ti!

Wakajaribu mara ya tatu, mbele ya akina mama wauza vitunguu. Ti!

"Mzee!" mmoja wao alipaza sauti. "Gari lako linarukuu hata adhana bado!"

Wenzake wakaangua kicheko hadi kitunguu kikabingirika barabarani. Mzee Abdulrazaki aliokota kofia yake mara ya tatu, akaivaa hadi masikioni.

"Simoni," alisema kwa sauti ya mtu aliyeamua, "wewe gari hili ungelifanyaje?"

"Mzee wangu, mimi nisingeligusa kwa kitabu."

Moyo wa Chiku ulishuka hadi kwenye kandambili. Lakini ulimi wake haukushuka.

"Baba, naomba niendeshe mimi. Mara moja tu."

Mzee akamtazama mkewe. Bi Radhia akainua bega moja. Chiku na mzee wakabadilishana viti.

Chiku akaweka kwenye D. Gari likaondoka. Gia ya kwanza. Gia ya pili, kishindo, na gari likaruka mbele kama lililochapwa. Ya tatu, kishindo kingine, kitamu hicho! Hakuna kofia iliyodondoka. Hakuna pua iliyoumia. Wakapita nguzo za umeme, wakapita mashine ya kukamulia alizeti, na barabara ya Unyambwa ikaanza kukimbia chini yao.

"Enhe!" Bi Radhia alisema huko nyuma.

"Enhe nini?" Mzee Abdulrazaki aliwaka. "Gari langu linamtii yeye, linanikataa mimi niliyelinunua? Simamisha! Hapo hapo, simamisha!"

Chiku akasimamisha. Simoni alinyoosha kidole juu kama yuko darasani.

"Mzee wangu, sitaki kusema. Lakini naona umetegeshewa."

"Nimetegeshewa nini?"

"Gari limefungwa likubali mkono mmoja tu. Kila wiki utarudi kwake. Leo springi, kesho washa. Si unaona wajanja wa siku hizi, tangu biashara huria ifunguliwe?"

"Kaka Simoni, mdomo wako!" Chiku alimgeukia.

"Nimesema naona. Sijasema ndivyo."

Mzee Abdulrazaki alitazama usukani, kisha mikono ya Chiku. Chiku aliona karakana ikimponyoka pale pale barabarani, vumbi la Unyambwa likiifunika.

Akafungua mlango, akashuka.

"Sawa. Nimemtegeshea mzee. Wewe je, kaka Simoni, nilijua utaendesha leo?"

"Sikuwa na habari kama..."

"Basi kaa hapa. Endesha."

Mzee akahamia nyuma, Chiku akakaa kiti cha kushoto, na Simoni akashika usukani kwa madaha. Akarekebisha kiti. Akarekebisha kioo. Akajikohoza. Ni dereva mzuri Simoni, hilo tusimnyime. Malori yote yanayoingia karakana ndiye anayeyajaribu, na kila siku humkumbusha Chiku kwamba yeye hajawahi kupewa hata moja, eti miguu mifupi.

Akaondoka. Gia ya kwanza.

"Mnaona? Ukilishika kiume..."

Ya pili. Kishindo. Ti!

Safari hii pua yake ilitua kwenye usukani, na usukani ukapiga honi. Kuku watatu wa Unyambwa wakaruka ua.

Mzee Abdulrazaki, aliyekuwa nyuma, alikuwa tayari ameivua kofia yake na kuikalia. Alicheka! Alicheka hadi akashika mbavu.

"Simoni! Umelishika kiume kweli!"

Lakini Chiku hakucheka. Alikuwa ameinama, macho yapo sakafuni, kwenye viatu vya Simoni.

Kiatu cha kulia kilikuwa kwenye pedali ya mafuta, mahali pake. Cha kushoto kilikuwa kimebanwa juu ya pedali ya breki, kwa nguvu zote, kana kwamba kinaua nyoka. Na Simoni mwenyewe, wallahi, hakuwa na habari nacho.

Msomaji wangu, umeshaelewa? Chiku alielewa.

Miaka ishirini mguu wa kushoto wa Mzee Abdulrazaki ulifanya kazi moja tu. Gia ikibadilika, unakanyaga klachi. Gari hili halina klachi. Mahali ambapo mguu wa dereva wa lori huitafuta, Wajapani wameweka breki, tena pana kama kibao cha chapati. Gia zilipokuwa zinaingia kimyakimya, mguu ulilala. Chiku alipozitia kishindo, mguu ukaamka, ukadhani umeitwa kazini!

Naye Chiku udereva amejifunzia kwenye haya haya magari ya mtumba yasiyo na klachi, ambayo wengine waliyaogopa. Mguu wake wa kushoto haujui klachi ni nini. Alichochekewa na Simoni ndicho kilichomfichia ugonjwa.

"Umeona nini?" Simoni aliuliza.

"Sijaona kitu."

Angesema nini? Amwambie mzee wa watu, mbele ya mkewe na mbele ya Simoni, kwamba gari ni zima, mbovu ni mguu wake? Mtu unayemwamkia shikamoo kwa kupiga goti! Hata kama ni kweli, asingetamka "nimeridhika" hadi kiama. Na akilegeza kebo gia zirudi kuwa laini, mzee atarudi kwenye malalamiko yake ya mwezi mzima. Akisema amekwisha. Asiposema amekwisha.

Ndipo Bi Radhia akateremsha kioo, akasema kama anayejisemea:

"Hapo dukani, lori likipanda kile kilima cha sokoni, baba Rahma huwa anakanyaga chini ya kaunta. Lori likibadili gia, naye tap! Nimeshazoea. Wateja wanadhani ana panya."

"Mama Rahma, maneno gani hayo?" mumewe alidakia.

"Nakumbuka tu."

Chiku akageuka, na macho ya wanawake wawili yakakutana. Hayakukaa muda mrefu, lakini yalitosha.

"Baba," Chiku alisema, akiinamisha kichwa, "kosa ni langu. Nimelitengeneza gari, nikasahau kitu kimoja. Nipe robo saa."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa tano na nusu," Simoni alijibu upesi. "Na kurudi tuna safari."

Chiku alikwisha kukimbia. Kando ya barabara kulikuwa na ghala la ushirika uliokufa zamani, na mbele yake trekta bovu lililozama kwenye majani hadi magurudumuni. Mama mmoja, Yunisi, alikuwa anaanika mtama pale.

"Shikamoo mama. Hili trekta lina mwenyewe?"

"Marahaba. Lilikuwa la kijiji. Sasa ni la kuku wangu, wanataga kwenye kiti."

"Naomba pedali ya klachi."

Yunisi alimtazama kuanzia mikono yenye grisi hadi kandambili.

"Ya nini, mwanangu?"

"Ya mguu wa mzee mmoja."

"Chukua. Kuku hawaitumii. Ila yule mweupe yuko juu ya mayai, usimpigie kelele."

Chiku alifungua nati mbili kwa kunong'ona. Kuku mweupe alimtazama tu. Akatoka na pedali, springi yake, na bolti zenye kutu, akapiga magoti kwenye mlango wa dereva.

"Anafanya nini huyu?" Simoni alichungulia. "Klachi kwenye otomatiki? Utaiunganisha na nini?"

"Nishikie spana namba kumi na nne."

"Nimekuuliza utaiunganisha na nini!"

"Kaka Simoni, spana."

Alipitisha bolti kwenye matundu yaliyokuwa yameshikilia zulia, upande wa kushoto kabisa, mbali na breki. Akakaza. Akaibonyeza kwa kiganja. Ikashuka, ikarudi juu kwa springi. Nzito kiasi. Nzuri.

Haikuunganishwa na kitu chochote duniani.

"Karibu, baba. Hii ni ya mguu wa kushoto. Ule mguu ulikuwa hauna pa kukaa. Mimi ndiye niliyeusahau."

Mzee Abdulrazaki aliingia. Mguu wake wa kushoto ukaenda wenyewe, ukakutana na ile pedali, ukakaa juu yake kama mtu aliyerudi kwao.

Akaweka kwenye D. Simoni alishika kiti kwa mikono miwili.

Gia ya kwanza. Gia ya pili, kishindo, na mguu wa kushoto, tap! Ukakanyaga klachi ya trekta. Gari likasonga mbele. Gia ya tatu, kishindo, tap! Likasonga mbele zaidi. Wakafika mwisho wa Unyambwa, wakageuza kwa mkupuo uliowatia vumbi mbuzi wa watu, wakaanza kurudi mjini.

"Ahaa!" mzee alipiga kelele. "Ahaaa! Hili sasa ndilo gari! Inaingia nikikanyaga!"

"Mzee wangu, haiingii kwa sababu..." Simoni alianza.

Bi Radhia alimkanyaga. Naye ana miguu miwili.

Wauza vitunguu walipowaona wanakuja walisimama kabisa wapate kuona rukuu. Mzee aliwapita na gia ya tatu, akawapungia kofia.

Walipokaribia mjini alimwinamia Chiku kidogo, sauti chini, macho barabarani.

"Mwanangu. Hii pedali haijafungwa popote."

Chiku akaigeuza spana mkononi. "Ndiyo, baba."

"Nimeijua tangu mara ya pili. Haina uzito wa klachi." Tap! "Simoni anajua?"

"Hata mimi sijui, baba."

Mabega ya Mzee Abdulrazaki yalitikisika kwa kicheko alichokizuia. Kisha akanong'ona:

"Binti una adabu wewe. Na mkono pia."

Waliingia karakana vumbi likiwa bado linawafuata. Mzee Antipasi alikuwa amesimama mlangoni katika koti lake la kusafiria. Adhana ilikuwa bado.

"Nimeridhika!" Mzee Abdulrazaki alitangaza kabla hajazima injini. Akashuka, akampa Antipasi mkono. "Nimeridhika, Antipasi, nimeridhika, nimeridhika. Ulitaka nitamke mara moja, nimetamka nne. Mpe binti karakana yake."

Chiku alisimama na ile spana namba kumi na nne mkononi. Alisahau hata kuiweka chini. Alitaka kulia, akaona aibu, akacheka.

Mzee Antipasi hakucheka. Alikuna kidevu, akatazama mafuta yaliyomwagika chini, akatazama bati la juu.

"Chiku mwanangu," alisema, "siwezi kukupa."

"Mzee?"

"Si yangu tena. Jana jioni nimeiuza. Spana, winchi, kiwanja, yote. Mjumbe wa mtaa ameshagonga muhuri kwenye karatasi."

"Umeuza?" Mzee Abdulrazaki alifoka. "Na mtihani huu tulikuwa tunafanya wa nini? Umemuuzia nani?"

Antipasi alishusha macho. Wote wakasubiri. Aliyejibu ni Bi Radhia, akijifunga vizuri mtandio wake.

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi mama Rahma. Faida ya vitenge vyangu, baba Rahma, vile vya upande wangu wa duka. Nilimwomba Mzee Antipasi asiseme mpaka nijionee mwenyewe fundi ni yupi. Leo nimejionea." Akamgeukia Chiku. "Karakana utaiongoza wewe. Ninalo sharti moja."

"Lipi, mama?" Chiku aliuliza.

"Unifundishe kuendesha. Kuanzia kesho, kwa gari hili hili. Mimi na wewe mbele. Baba Rahma nyuma."

Kofia ikadondoka, na safari hii hakuna aliyefunga breki.

"Gari langu?" Mzee Abdulrazaki alirudi nyuma hatua moja. "Gari langu lifundishie watu? Thubutu! Nalipeleka Kiomboi kwa ndugu yangu, leo hii, likakae huko mpaka akili ziwarudie!"

Hakungoja jibu. Aliruka ndani, akabamiza mlango, akaweka kwenye D. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, tap, tap, tap, na lile gari lililokuwa likisimamasimama kama mgonjwa likaruka geti, likapotea barabara ya Kiomboi kwa mwendo ambao hakuna otomatiki iliyowahi kuuonyesha Singida.

Bi Radhia aliangua kicheko. "Mwacheni. Atarudi akisikia njaa."

"Mama," Chiku alisema, naye sasa akicheka, "basi tuone hiyo karatasi ya mjumbe, niamini kwamba siyo ndoto."

Bi Radhia alijipapasa kifuani. Akajipapasa kiunoni. Kicheko kikakatika.

"Nimeiacha kwenye kiti cha nyuma."

"Si kitu," alisema Mzee Antipasi. "Ina saini na muhuri. Hakuna wa kuibadili."

"Kuna nafasi moja iko wazi," Bi Radhia alisema taratibu. "Jina la msimamizi. Sikuliandika. Nilisema nitaliandika nikishaona."

Chiku aligeuka atafute wa kumtuma amkimbilie mzee. Akatazama kwenye benchi. Akatazama nyuma ya winchi, akatazama mlango wa stoo.

"Simoni yuko wapi?"

Wote watatu wakalikumbuka kwa pamoja. Tangu gari liliposimama pale karakana, milango miwili ya mbele ndiyo iliyofunguka, na mlango wa Bi Radhia. Mlango wa Simoni haukufunguka kabisa.

Na Simoni, kila mtu pale karakana anajua, hatembei bila kalamu.